Sauti ya Subilaga

Ndani ya dakika tatu, Mpangamionzi ulikuwa umeshamtibu Subilaga Mwakipesile mara elfu kumi na mbili, na mwenyewe bado alikuwa ameketi kwenye benchi la nje akisubiri kuitwa. Mtambo huo, katika hospitali moja jijini Mbeya, mwaka 2091, ulimtengenezea kila mgonjwa pacha wa mwanga. Kisha ulimpiga pacha huyo mionzi kwa njia moja baada ya nyingine, ukilinganisha kila njia ingeua nini na kunusuru nini.

Dakta Haikaeli Ulomi, mwanafizikia wa mionzi, alibakiwa na mipango mitatu. Akamwita Subilaga ndani.

"Mama, uvimbe wako uko kwenye shina la ulimi. Mpango wa kwanza ni mkali: wagonjwa tisini na sita kati ya mia hupona, lakini mate hukauka na sauti hupotea. Mingine miwili huponya tisini na watatu. Wa pili unalinda tezi za mate, hivyo ladha inabaki, ila sauti inakwenda. Wa tatu unalinda sauti, mate yanakauka. Mtambo umechagua wa pili."

"Nani kauambia nautaka huo?"

"Kazi yako, mama. Miaka thelathini unaonja chai kiwandani."

Subilaga alitazama mikono yake. "Mume wangu, Ambakisye, haoni, daktari. Alipofuka mwaka wa pili wa ndoa yetu. Mimi ndiye ninayemwambia nani kapita barabarani, mahindi yamefika wapi, shati alilovaa lina rangi gani. Nikinyamaza, atajuaje kama nipo?"

"Tunaweza kuirekodi sauti yako, kifaa kikawa kinakusemea."

"Jirani yetu anacho. Ambakisye alikisikiliza, akasema ni kizuri, ila hakivuti pumzi."

Haikaeli alivuta kiti, akakaa karibu naye, kisha kwenye mtambo akashusha uzito wa kulinda mate na kupandisha uzito wa kulinda sauti. Maandishi yakatokea kwenye kioo: *Mgonjwa hataweza kuendelea na kazi yake. Thibitisha.*

"Hapo nibonyeze mwenyewe," alisema Subilaga. Akabonyeza.

Matibabu yalichukua siku kumi na nne. Siku ya tisa alipewa uji wa ulezi, akaumeza kama anayemeza maji ya moto. Hakusikia utamu wala uchachu. Jioni hiyo aliandika barua ya kuacha kazi, akalia, kisha akampigia mumewe simu, wakaongea mpaka akacheka.

Siku ya mwisho Ambakisye alikuja kumchukua. Ukumbi ulijaa watu, vitanda vya magurudumu na roboti za dawa. Alisimama katikati na fimbo yake, ameinamisha kichwa, akitafuta.

"Baba Lusajo, niko huku."

Sauti ilikwaruza, lakini ilikuwa yake. Ambakisye aligeuka na kumwendea moja kwa moja bila kuuliza mtu, akamshika uso kwa mikono miwili.

"Umekonda," alisema.

"Nimekonda, ndiyo. Twende nyumbani."

Haikaeli aliwatazama hadi walipotoka nje ya mlango. Aliporudi chumbani, faili la mgonjwa aliyefuata lilikuwa tayari mezani, na mtambo ulisubiri kuwashwa. Hakuuwasha. Alifungua mlango, akamwita mzee aliyekuwa nje.

"Karibu, baba, keti. Kwanza niambie: nyumbani unaishi na nani?"