Seva na Mtoto Asiyepewa Jina

Jirani yetu mmoja ni fundi wa kompyuta hospitalini, mtu wa utani asiyejua kununa. Mimi habari za mauzauza huwa nazikataa, ila huyu si mtu wa kutunga.

Asubuhi ile alifika kazini akipiga mluzi. Seva inayotunza taarifa za wagonjwa ilikuwa ikianguka, yaani kuzima ghafla, kila mchana, na ikianguka dirisha la dawa linafungwa, watu wanabaki na maumivu yao kwenye mabenchi. Bosi wake alitaka wahamie programu mpya siku hiyohiyo.

"Tutafute kwanza kinachoiangusha," fundi alimwambia. "Ukihama na kitanda chenye kunguni, umehama nao."

Akafungua kumbukumbu za seva, zile inazojiandikia yenyewe. Kila mara kabla ya kuanguka, kuna mtu alikuwa amefungua faili moja la wodi ya watoto na kuandika uzito mpya. Faili lilisema "mtoto wa kike". Sehemu ya jina ilikuwa tupu. Jina la mama lilikuwa la mke wake.

Moyo ulimlipuka. Binti yao alifariki siku aliyozaliwa, miaka miwili nyuma, kabla hawajampa jina. Hata majirani walikwama namna ya kumwita mke wake. Mama nani? Wakaishia kumwita dada.

Na uzito ulikuwa ukipanda. Kidogo kidogo, bila kuruka siku. Sasa ulikuwa uzito wa mtoto anayekimbia.

Alikwenda wodini. Kompyuta ambayo kumbukumbu zilionyesha ndiyo inayoandika ilikuwa imeondolewa zamani. Palibaki tundu la waya ukutani.

"Faili halina jina, programu mpya haitalipokea," bosi alisema kwa upole. "Weka jina lolote, au ulifute. Wagonjwa wanasubiri."

Jina lolote? Mtoto hapewi jina lolote, tena bila mama yake kuwepo. Fundi akamwomba mwanawe radhi kimoyomoyo. Akafuta. Mchana ukapita, seva ikasimama imara, watu wakapata dawa.

Nyumbani alimkuta mke wake ameketi sakafuni, macho yamevimba.

"Leo hajaja," alinong'ona.

"Nani?"

"Mwanetu. Huja kila mchana, namlaza begani. Nilificha, nikihofu utasema nimerukwa na akili. Jana alianza kujitaja jina, mume wangu. Nilitaka nikuambie leo."

Fundi akapiga magoti. "Anaitwa nani?"

Mke alifungua kinywa. Akakifunga. Akajaribu tena.

"Limenitoka," alisema. "Mchana huu huu. Nalitafuta, silipati."

Uchungu ukamzidi fundi. Akamkumbatia mkewe, wakalia pamoja. Shavu lake likagusa bega la gauni. Lilikuwa limelowa mate, mahali padogo tu, mtoto anapolaza kichwa.

Mate yalikuwa bado na joto.