Noelene na Shimo la Mwezini

Mke wangu Noelene ni mpishi wa wakata manyoya ya kondoo hapa Bourke, mji wetu huku kusini mwa dunia. Mchana kutwa anaoka pai za nyama. Jioni, tukishakunywa chai, huketi uani na kutazama mwezi kwa darubini ya kutazamia ndege.

Wiki ile hakuwa na raha. Jumamosi kulikuwa na sherehe ya shule. Noelene alikuwa ameahidi kuwaonyesha watu Moltke. Hilo ni shimo dogo mwezini, karibu na mahali watu walipotua mara ya kwanza. Jioni tatu alilitafuta akiwa na ramani ya mwezi mkononi, asilione.

"Labda wamelifukia," nilimtania.

"Nyamaza, Clive! Nimeshawaambia watu wote. Nitauweka wapi uso wangu?"

Nilicheka. Leo nikikumbuka, naona haya.

Ijumaa akaja jirani yetu, Bi Dulcie, mpima ardhi mstaafu. Jua lilikuwa linazama na nusu ya mwezi ilikuwa juu.

"Ramani hii umeitoa wapi?" aliuliza.

"Dada yangu kaniletea kutoka Uingereza. Yeye kaliona siku ya kwanza tu!"

Bi Dulcie aliangua kicheko. "Noelene wewe! Hii ni ya watu wa kaskazini mwa dunia. Wao huutazama mwezi wakielekea kusini. Sisi tunaelekea kaskazini. Kilicho juu kwao, kwetu kiko chini. Hebu igeuze."

Noelene aliigeuza juu chini. Akainama kwenye darubini.

"Nimelipata! Clive, njoo uone!"

Niliona doa jeupe ukingoni mwa tambarare nyeusi. "Mbona jeupe?"

"Jiwe kutoka angani liligonga pale," alisema Bi Dulcie. "Likachimba shimo lenye upana wa kilomita sita hivi, na vumbi jeupe likarushwa pande zote. Kule hakuna upepo wala mvua ya kulifuta. Na mashimo yatazameni mwezi ukiwa nusu, vivuli vikiwa virefu. Ukiwa mpevu, vivuli vinapotea, hamwoni kina cha shimo."

Jumamosi jioni foleni ya Noelene ilikuwa ndefu kuliko ya wanaonunua soseji. Mwalimu mmoja mgeni, aliyetoka London juzi tu, aliitazama ramani akatabasamu.

"Mama, umeishika juu chini. Maandishi yote yamepinduka."

Nilitaka kumjibu, lakini Noelene aliniwahi.

"Maandishi ndiyo yamepinduka, bwana. Mwezi wetu uko sawasawa. Tazama."

Mwalimu akatazama kwenye darubini, kisha kwenye ramani, kisha kwenye darubini tena. Alikwenda kupanga foleni upya, huko nyuma kabisa.

Nami nilisimama kando, kifua mbele, nikimwambia kila aliyepita, "Yule pale ni mke wangu."