Olfa na Chama cha Watu Tisa

Jumamosi ile Soko Kuu la Tunis lilifurika watu. Skander Zouari, mbunge wa miaka thelathini na sita, alisimama mbele ya meza ya samaki akiwa amevaa suti yake ya kijivu, viatu vikilowa maji ya barafu, akishindwa kuchagua kati ya mkizi na dagaa.

“Mheshimiwa, amua basi, wenzako tuna njaa!” ilisema sauti ya kike nyuma yake.

Aliijua sauti ile kabla hajageuka. Ni Olfa Mestiri, msomaji wa habari redioni. Alivaa koti jekundu, nywele fupi, fungu la giligilani kwapani.

“Nisaidie kuamua.”

“Chukua mkizi. Na mmoja uniachie mimi.”

Kufika majira ya baridi walikuwa wapenzi. Olfa alizicheka tai zake, akiziita tai za mazishi. Skander naye alimpigia simu kila alfajiri kabla hajaingia studio, ili tu aisikie sauti ile ikiwa bado na usingizi.

Kisha mwenyekiti wa chama chake, chama tawala, akaleta muswada wa kumpa uwezo wa kuwafukuza majaji apendavyo. Skander na wabunge wenzake wanane waliukataa. Kujiunga na upinzani pia hawakutaka, maana upinzani ulitaka kuchoma kila kitu. Wakakubaliana kwa siri kutoka na kuunda chama cha katikati. Walikutana kwa miezi mitatu bila kutoka chamani.

“Wiki mbili tunabishania rangi ya chama, Olfa! Rangi!”

“Mmechagua ipi, kipenzi?”

“Kijivu hafifu.”

Olfa alicheka hadi akapaliwa na chai. “Hiyo ni habari ya kitaifa.”

“Usije ukaitangaza.”

“Kwani nina wazimu?”

Jumanne moja, saa moja asubuhi, redio ikayataja majina yote tisa, kwa sauti ya Olfa mwenyewe. Hadi adhuhuri mwenyekiti alikuwa amewaita mmoja mmoja. Watatu wakamwomba radhi, wakarudi kundini.

Skander akampigia Olfa simu.

“Ulikuwa unasikiliza nikizungumza na wenzangu kwa simu jikoni kwako!”

“Skander, karatasi niliwekewa mezani nikiwa tayari hewani.”

“Nani aliileta?”

“Aliyetupa habari simtaji. Hata kwako.”

“Mimi ni nani kwako, basi?”

“Na mimi je? Mwizi wa siri zako?”

Skander akakata simu. Hakuna aliyempigia mwenzake kwa wiki tatu. Skander alikuwa akiifungua redio alfajiri, akiisikia sauti ile, anaizima kwa hasira, kisha anaifungua tena.

Siku ya ishirini na mbili, Nejib Hamrouni, rafiki yake na mmoja wa wale watatu waliorudi, aliapishwa kuwa naibu waziri. Skander aliiona sherehe kwenye televisheni ya mgahawa, akaacha kahawa yake mezani. Sasa alijua karatasi ilitoka wapi.

Jioni yake yeye na wenzake waliobaki walizindua chama katika ukumbi wa harusi: viti mia mbili, watu arobaini, kipaza sauti kikipiga miluzi kila mtu alipofungua kinywa. Walipomaliza, alikwenda moja kwa moja redioni. Olfa alikuwa akitoka, gauni la samawati, macho yamechoka.

“Ulijua ni Nejib?”

“Tangu siku ile.”

“Ukaniacha nikutukane?”

“Ulikata simu, Skander. Ningejitetea wapi, hewani?”

Akainamisha kichwa. “Nisamehe. Nilikuwa mjinga.”

“Ulikuwa.” Olfa akashusha pumzi. “Wakubwa wamesikia habari zetu. Wameninyang’anya taarifa ya habari. Kuanzia kesho nafundisha mapishi.”

“Kwa sababu yangu?”

“Kwa sababu yako. Nyinyi mmebaki wangapi?”

“Watano. Asubuhi tulikuwa sita.”

Walitazamana. Watu waliokuwa wakitoka kazini wakawapita kushoto na kulia.

“Olfa, cheo sina, na chama hakijui kama kitaiona Ijumaa. Hata hivyo nataka kukuoa. Hili halihitaji kikao.”

Olfa akafuta machozi kwa ncha ya shali yake.

“Nitaolewa nawe,” akasema. “Ila ukinishuku tena, uniulize kabla hujapiga kelele.”

“Naapa.”

“Na kadi ya chama chako, mpenzi wangu, sichukui.”