Bei ya Nyumba ya Mlandege

Rungu la kwanza lilimpata Hamad mdomoni.

Aliyelishika alikuwa Mjaka, mdogo wake wa tumbo moja.

Ngojeni ndugu zangu, msianze kutukana... nisikilizeni kwanza.

Ni mtaa wa Mlandege, mwaka 1909. Serikali ilitaka kupitisha barabara, na nyumba ya Hamad na mkewe Wanu ilikuwa katikati ya njia. Hamad hakukataa kuhama. Alichokataa ni bei.

Msabah, mthamini wa serikali, alisimama nje, akatupa jicho, basi. Ndani hakuingia. Nyumba ya mawe yenye ghorofa akaipangia bei ya banda la makuti.

"Nshapanga," alisema. "Serikali ikipanga imepanga."

"Basi tutaonana kwa hakimu," Hamad akamjibu.

Akashitaki kweli. Hakimu akasema atakuja mwenyewe kuiona nyumba.

Siku aliyotarajiwa, alfajiri, Msabah akamuwahi. Alikuja na askari na wavunjaji, na Mjaka ni mmoja wa askari wale.

Hamad akajitandaza mlangoni.

"Mjaka, umezaliwa humu."

"Kaka, toka. Nnakuomba."

"Sitoki."

Ndipo rungu likashuka. La pili likampata kisogoni. Hamad akaanguka kifudifudi kwenye kizingiti, meno yametapakaa mbele yake.

Wanu alitoka jikoni na mchi. Alimshushia Msabah mkononi, mfupa ukalia, kiwiko kikageukia upande usio wake. Askari wawili wakamburura kwa nywele mpaka njiani. Pale chini, damu zikimtoka puani, aliziona sururu zikiingia kwenye ukuta wa chumba chake cha kulala.

Hamad alikata roho kabla ya adhuhuri. Hakimu alipofika jioni, akakuta kifusi tu.

Wanu akakaa eda ya mjane kwa dada yake, nje hatoki. Siku ya kesi akavaa buibui, akatoka. Majirani wakanong'ona... mjane wa juzi anakwenda wapi?

"Nna haja," aliwaambia. "Mume wangu kafa kwa jambo hili."

Mahakamani Msabah alisimama, mkono umefungwa shingoni.

"Nyumba ile ilikuwa mbovu, ingeua watu. Na sasa haipo, kwa hiyo bei iliyobaki ni yangu tu."

Akamwita Mjaka awe shahidi wake.

"Ilikuwa mbovu?" hakimu akauliza.

Mjaka akavua kofia yake ya askari.

"Hapana, bwana. Tuliipiga sururu tangu alfajiri, alasiri nusu yake bado imesimama. Bwana Msabah alitaka ivunjwe kabla hujaiona. Mimi aliniahidi usajenti."

"Na Hamad?"

"Nimempiga mimi. Ni kaka yangu."

Akanyoosha mikono mwenyewe ifungwe.

Hakimu akamgeukia Msabah.

"Sheria inairuhusu serikali kuichukua nyumba kwa ajili ya barabara. Haiiruhusu kujipangia bei peke yake. Bei ni makubaliano, na yakishindikana, ni kazi ya mahakama hii. Aliyeivunja nyumba ili nisiione hana tena haki ya kubishia thamani yake. Bi Wanu, taja wewe."

Wanu aliitaja chumba kwa chumba. Boriti, kisima cha uani, mlango wa msaji. Hakuongeza kitu. Serikali ikaamriwa ilipe yote, na Msabah akatoka kwa pingu.

Mnadhani imeisha hapo? Bado...

Wazee wa ukoo walimfuata Wanu kwa dada yake. Walitaka apokee dia, ile fidia ya damu, ili Mjaka asinyongwe.

"Taja kiasi chochote, mwanangu," mkubwa wao alisema.

"Nyumba nimeitaja bei. Hamad simtaji."

Wazee wakainuka. Walijua Mjaka keshakufa.

"Kaeni. Sijamaliza," Wanu akasema. "Mwambieni hakimu asimnyonge. Nimemsamehe roho yake, na pesa yenu siitaki hata moja. Lakini mlangoni kwangu asije, mpaka nife."

Mzee yule alifunika uso kwa kilemba chake, akalia kama mtoto.

Ndugu zangu, serikali ina haki ya kupitisha barabara. Kukwambia peke yake mali yako ina thamani gani, haki hiyo haina. Akija mthamini asiyetaka kuingia ndani, nenda kwa hakimu. Nenda hata ukiwa edani.