Bibi Halina wa Mkanda wa Makaa

Kila asubuhi, kahawa ikichemka, Bibi Halina alimwambia mjukuu wake Ludivine afumbe macho, kisha akamwekea kipande kiganjani. "Makaa au jiwe?" Bibi aliuliza, na Ludivine alijibu hata kabla ya kuonja maziwa yake. Makaa ya mawe ni mepesi, tena hayana ubaridi wa jiwe. Bibi alianza kuyachambua mgodini akiwa na miaka kumi na minne.

Alhamisi moja darasa la Ludivine lilizuru mgodi huohuo, ambao sasa ni makumbusho. Mwongozaji wao, Mzee Evrard, mchimbaji mstaafu, aliwasimamisha kando ya mkanda mrefu wa chuma uliokuwa ukipitisha makaa.

"Hapa wavulana walitoa mawe kwenye makaa," alisema. "Wanawake walikuwa nyumbani wakipika supu!"

Watoto wakacheka. Damu ikamchemka Ludivine.

"Si kweli, babu! Bibi yangu alifanya kazi hapa miaka sita."

"Binti, mimi nimezeekea mgodi huu."

"Umezeekea kule chini. Bibi alikuwa huku juu."

"Mwongo huyo!" Bastien, mwanafunzi mwenzake, alidakia. "Kesho atatuambia bibi yake alijenga mnara wa Paris!"

"Basi nipimeni," alisema Ludivine, akavua skafu yake na kujifunga macho.

Mzee Evrard akampa vipande vitatu. Akavijua vyote. Alipopewa cha nne, alikipima kwa muda mrefu.

"Sema makaa, tuondoke," Bastien alinong'ona.

"Ni yote mawili," alisema Ludivine. "Makaa yamefunika jiwe."

"Hapo umekwama," alisema Mzee Evrard. "Nimekiokota mwenyewe, ni makaa matupu."

"Kipasue!"

Mzee akachukua nyundo, akakipiga. Ndani mlikuwa na jiwe la kijivu. Bastien akatazama viatu vyake.

"Nani amekufundisha?" Mzee Evrard aliuliza taratibu.

"Nimeshakwambia."

Mzee akavua kofia yake ngumu. "Nisamehe, mjukuu wangu. Nimesema nisilolijua."

Mwalimu Coralie akawageukia wanafunzi. "Mmeona? Vicheko vya wengi havigeuzi uongo kuwa kweli. Anayeujua ukweli asiumeze kwa kuogopa kuchekwa. Na aliyekosea akiri, kama Mzee alivyokiri."

Mzee Evrard alikuwa ameshatoa kalamu, amesimama mbele ya kibao cha maelezo. "Nipe jina lake niliandike hapa."

Ludivine akatikisa kichwa.

"Ataliandika mwenyewe. Jumapili namleta."