Taa ya Upande wa Dereva

Mteja akiingia dukani kwangu na kusema "nataka taa ya gari," namwangalia tu. Ni sawa na kumwambia muuza viatu unataka kiatu, basi. Gari gani? Balbu ya miguu miwili au mitatu? Sichoki kuuliza, maana balbu isiyo yake haikai, na ukiilazimisha utawapofusha wenzako barabarani.

Asubuhi moja mama mdogo aliingia, amekonda kuliko nilivyomwacha msibani. Nilidhani amekuja kunisalimia.

"Mwanangu, nataka taa ya gari la baba yako mdogo. Ya upande wa dereva."

Gari lile lilikuwa nyuma ya nyumba yake, limefunikwa turubai, paa limebonyea hadi kwenye viti. Balbu ya upande wa dereva ilikuwa imeungua kabla ya ajali. Baba mdogo alinunua nyingine njiani, ya miguu miwili, ikakataa kuingia, akasema ataibadilisha kesho. Jioni hiyohiyo dereva wa lori aliona taa moja, akadhani ni pikipiki, hakuacha nafasi ya gari. Baba mdogo alimkwepa, akabingirika korongoni.

"Ya nini tena, mama?" nikauliza taratibu.

Akainama juu ya kaunta. "Anakuja kila jioni. Naona taa moja inakata kona, inafika getini, inasimama. Halafu inageuza. Haoni nyumba, mwanangu. Jicho moja halimtoshi."

Hata mimi nilimpenda mzee yule. Alikuwa seremala, msumeno ulimchana dole gumba likabaki na kovu la mshazari. Kila nikimfokea asishike kioo cha balbu kwa vidole, kwa sababu mafuta ya ngozi hukiunguza, alicheka tu: "Mimi kitu nisichokigusa sikijui." Nikachukua balbu ya miguu mitatu, ndiyo ya gari lake, nikamfuata mama mdogo nyumbani.

Nilichomoa ile iliyoungua, nikaitia mfukoni, nikapachika mpya nikiishika kwa kitambaa safi; kidole changu hakikugusa kioo. Betri ilikwisha kung'olewa, kwa hiyo sikuweza kuijaribu. Nikarudisha turubai na kulikaza kwa kamba. Nilijua nafanya kazi bure, lakini mama mdogo alinishukuru kama mtu aliyetuliwa mzigo, akanibakiza kwa chakula cha jioni.

Giza lilipoanza kuingia, akazima taa ya sebuleni.

"Tulia," akanong'ona.

Sikusikia injini. Niliona pazia likipata mwanga. Taa mbili. Zikakata kona. Zikaja. Zikasimama getini. Komeo la geti likalia. Hakuna aliyelifungua. Taa zikaingia uani, zikapita dirisha letu polepole, zikaelekea nyuma ya nyumba. Zikazimika.

"Umefika?" mama mdogo akauliza.

Akaita tena, kwa lile jina la utani walilokuwa wakiitana wawili tu. Kimya. Nilimshika mkono.

Taa hazikuja tena. Si kesho yake, si siku zilizofuata. Mimi nikajipongeza kwamba nimemponya, kumbe mwenzangu amefiwa upya. Akarudi dukani, macho yamevimba.

"Mwanangu, ile iliyoungua umeitupa?"

"Ipo, kwenye kopo la chakavu."

"Irudishe. Afadhali alikuwa anakuja."

Sikubishana naye. Nyuma ya nyumba nilikuta kamba ya turubai imefungwa vilevile, kwa fundo langu. Nikafunua, nikachomoa balbu kwa kitambaa, nikaiinua kwenye jua. Kwenye kioo palikuwa na alama nyeusi ya dole gumba, imekatwa mshazari katikati.

Kabla sijamzuia, mama mdogo aliichukua kutoka kwenye kitambaa, akaweka dole lake juu ya alama ile.

"Bado ina joto," akasema, akaanza kulia.