Tumbawe la Baba Lilikuwa kwa Nani?

"Hili si tumbawe la baba!"

Nilipiga kelele nikiwa nimesimama sebuleni kwa kaka yangu, mkono umelowa mpaka kiwikoni, maji ya chumvi yakichuruzika kwenye zulia la wifi.

Kaka akakodoa macho.

"Unasemaje?"

"La baba lilikuwa kijani! Hili la kahawia umelitoa wapi? La baba umeliua, ukaenda dukani kununua lingine!"

"Mdogo wangu... toa mkono kwenye tangi langu."

Wadau, ngoja niwaeleweshe.

Baba yetu alikuwa fundi wa mafriji, na starehe yake ilikuwa moja tu: tangi la samaki lenye tumbawe, lile gumu la mawe, la mviringo kama mkate. Alilifuga miaka kumi na tisa. Alipofariki tulilipasua kwa patasi, kaka nusu, mimi nusu.

Miezi ikaenda. Langu kijani, lake kahawia! Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Nyumbani wananiita Jaji, maana nikishahukumu hakuna rufaa. Nikambloku kaka. Nikaposti picha mbili, langu na lake, nikaandika: MWIZI WA URITHI. Nyie wenyewe mlimtukana, komenti mia tatu! Kaka akaacha kwenda kwa mama siku nikiwepo.

Lakini nilitaka ushahidi. Nikapeleka zile picha kwenye makundi ya wafugaji wa matumbawe. Jamani, nilikoma! Mmoja anataja aina hii, mwingine anamwita mwenzake kipofu, wa tatu ananiuliza kama nimeolewa.

Mwishowe nikampata mtafiti wa bahari, mama mmoja asiye na masihara.

"Picha hazisaidii," akasema. "Rangi inadanganya. Ukibadilisha taa tu, la kijani linageuka kahawia. Aina yake utaijua kwenye mifupa. Nileteeni kipande cha kila moja."

"Tutalinganisha na nini? Baba si ameshafariki, na tangi lake halipo!"

Nilimsimulia mama yetu mzazi. Alifungua mkoba wake, akatoa kipande cheupe cha ukubwa wa kidole gumba. Kumbe kilidondoka siku ile ya patasi, akakiokota.

Basi siku ya siku tukakaa maabara: mimi, mume wangu, mama, na kaka aliyekuja kwa amri ya mama. Vipande vyetu viwili vilikuwa vimelowekwa kwenye dawa ya madoa mpaka nyama yote ikatoka, vikabaki mifupa mitupu.

Mtafiti akanipa kioo cha kukuzia.

"Anza na cha mama yako. Unaona vishimo? Kila kimoja kina ukuta wake. Nyumba na nyumba, katikati uchochoro."

Nikaona.

"Cha kaka yako."

Kila kishimo na ukuta wake. Uchochoro katikati.

"Sasa chako."

Vishimo vyangu vilikuwa vimebanana, vinachangia ukuta mmoja kama vyumba vya kupanga!

"Umechanganya vipande! Rudia!"

Akarudia mara tatu.

"Lako ni aina nyingine kabisa," akasema. "Halijawahi kuwa sehemu ya lile la baba yenu."

Nikageuka. Mume wangu alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mume wangu?"

Akainama kufunga kamba ya kiatu.

"Mume wangu!!"

"Ile wiki uliyokwenda semina... nilichomoa pampu nichomeke pasi. Nikasahau kuirudisha, tumbawe likafa. Sasa ningekwambia nini? Nikatafuta linalofanana. La kijani, maana ndivyo ulivyokuwa unalijua."

Miezi saba! Miezi saba mtu anakaa kwenye kochi, ananisikiliza nikimchafua kaka yangu, na chai ananimiminia!

Mama alikirudisha kipande chake kwenye mkoba, akafunga zipu. Hakunitazama.

"Kaka, nisamehe. Ile posti naifuta sasa hivi."

"Usiifute," akasema. "Andika nyingine."

"Nitaandika."

"Na kipande nitakupa, baba alikuwa wako pia. Lakini si leo. Leo niache nimrudishe mama nyumbani."

Ndiyo hii sasa naandika, na kaka nimeshamtoa bloku. Kaka yangu si mwizi. Mliomtukana kwa ajili yangu, rudini mkafute.

Na funzo ni hili, linaniuma kulisema. La kaka nililikagua mpaka nikaingiza mkono tangini. La kwangu sikuwahi kulitilia shaka hata siku moja, kwa sababu tu lilikuwa kwangu.

Wiki ya tatu hii tangu tutoke maabara. Kaka hajapiga simu.